Mluzi wa Asubuhi wa Papa Spès

Kila ninapopita mahali ambapo mtu anapiga mswaki nje huku jirani yake akipepea makaa yasiyotaka kushika, mimi husimama kidogo. Harufu ya dawa ya meno ikichanganyika na ule moshi hunishika miguu. Watu hudhani nimesahau kitu nyumbani, wakati mimi ndiyo kwanza nimekumbuka.

Nakumbuka ua wetu wa mtaa wa Nyakabiga, nyumba chache zilizotazamana na bomba moja la maji katikati. Upande wa barabarani kulikuwa na duka dogo la Mama Yassin, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Arabuni, naye hakuwahi kuondoka mtaa ule. Sisi tulikaa nyuma ya duka lake. Mama yangu alifua nguo za watu, na beseni lake lilikuwa karibu na bomba tangu asubuhi hadi jua linapopoa. Nyumba ya mwisho, yenye dirisha la pazia la kijani, ilikuwa ya Papa Spès.

Alikuwa mrefu na mwembamba. Asubuhi alitoka na taulo begani na mswaki mdomoni, akawasalimia watu kwa nyusi kwa sababu kinywa kilijaa povu. Alisukutua, akajifuta, kisha akarudi nyumbani kwake akipiga mluzi. Mluzi ule ulianzia kwenye bomba na kuishia mlangoni. Hakuurudia. Baada ya hapo ungedhani nyumba ile haina mtu.

Kazi yake ilikuwa kutunga nyimbo. Ujanani alipiga gitaa katika orkesta ya hoteli moja kando ya ziwa, watu wakila samaki, na alikuwa akisema kwamba huko ndiko alikosomea. Muziki mbaya humzuia mtu kutafuna, alisema, na muziki mzuri humfanya atafune vizuri zaidi. Orkesta ile ilipotawanyika alibaki na gitaa lake na kinanda kidogo chenye kitufe kimoja kisichotoa sauti. Kwa vitu hivyo viwili alitunga nyimbo za harusi, za ubatizo, za matangazo ya sabuni redioni. Aliitungia hata timu ya mpira ya mtaa wetu, ambayo ilifungwa kila mara lakini iliimbwa vizuri. Mwenyewe hakuimba. Sauti yake ilikuwa kama mlango mkavu. Aliwapa vijana wenye sauti, wao wakashangiliwa, na yeye akawa amesimama nje karibu na geti, akiwasikiliza watu wanaotoka.

Siku moja nilikuwa dukani nimetumwa chumvi, kijana mmoja mwenye miwani ya jua akamtania.

"Papa Spès, muziki yako ni nyepesi sana. Haina ujumbe."

Papa Spès alikuwa anachagua nyembe. Hakuinua kichwa. "Nyepesi, ego, ndiyo. We ukitoka mu harusi unarudiaka kwako na nini? Unabebaka kabati?"

"Apana."

"Unabeba kitu nyepesi. Basi mi natengenezaka ile ya kubeba."

Mama Yassin alicheka mpaka akanipimia sukari badala ya chumvi, nami nikaondoka nayo hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuona haya na sikuweza kumwambia mtu mzima kwamba amekosea.

Haya zangu ndizo zilizonifanya nikae chini ya dirisha la pazia la kijani. Kulikuwa na pipa la maji pale, na nyuma ya pipa palitosha mtoto mmoja na sufuria za kusugua. Kutoka pale niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Jioni, wanawake wakiwa kwenye bomba, pazia lilitokeza kidogo katikati, kama lina nundu. Lilikuwa ni sikio. Papa Spès alikuwa amesimama ndani, ameegemeza kichwa kwenye kitambaa, na hakutikisika.

Mama yangu alikuwa mtu wa kuvumisha nyimbo. Hakujua kwamba anavumisha. Ungemwambia "Mama, unaimba," angekataa. Lakini mikono ilipoingia ndani ya povu, kitu kilianza kutoka puani mwake, bila maneno, kikipanda na kushuka na nguo. Nami nilisikia kitu hicho, kisha baada ya siku chache nikakisikia tena, safari hii kikiwa kimevaa maneno na gitaa, kwenye harusi ya binti wa jirani. Mara nyingine kilitoka redioni. Nikaliona jambo lote kwa akili yangu ya kitoto: mama yangu ndiye mtunzi, na mzee wa dirishani anamwibia.

Mtu anaweza kuuliza kama sikusikia mluzi wa asubuhi. Niliusikia. Lakini kwangu mluzi ule ulikuwa sehemu ya kupiga mswaki, kama kusukutua na kutema. Sikufikiri kwamba wimbo unaweza kutoka katika kinywa kilichokuwa na povu muda mfupi uliopita.

Basi nilitembea na siri yangu. Nilimtazama mama akikamua mashuka na nikaona fahari ambayo sikuweza kuieleza. Nilimtazama Papa Spès akipita na nikaona hasira. Halafu siku moja redio ya dukani ikatoa tangazo la sabuni, na wateja wote wakaanza kuliimba, na ule ulikuwa wimbo wa mama yangu, nilikuwa nimeusikia nyuma ya pipa kwa masikio yangu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwendea kwenye beseni.

"Mama, juu ya nini Papa Spès anakuibaka?"

"Ananiiba nini? Mi niko na nini ya kuiba?"

"Nyimbo."

Mama alinitazama. Nikamweleza yote, pipa, pazia, sikio. Nadhani hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyokuwa nimemwambia kwa mara moja. Alipoelewa, aliangua kicheko, akakaa chini kwenye maji na povu, akampigia Mama Yassin kelele aje asikie.

"Yampaye inka! Ajabu gani hii! Mutoto wangu anasema mi ni compositeur, mutunzi wa nyimbo!"

"Kumbe tuko na artiste hapa na hatuambiwe!" Mama Yassin alisema akifuta machozi. "Mama Aline, wallahi, ukipita redioni usinisahau, mi ndiye nakuuzia sabuni."

Nilitamani kuingia ndani ya pipa na kujifunika. Lakini kicheko cha mama kilikatika katikati. Akabaki ameshika shuka.

"Ngoja," akasema. "Anatusikilizaka kweli?"

Ndipo wakaanza kukumbuka, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Asubuhi anapiga mluzi mara moja. Jioni anasikiliza. Ule wa harusi ya pale kwenye kona, walikuwa wanauvumisha. Na ule mwingine mzuri uliopotea? Hakuna aliyeuvumisha. Mzee alikuwa anapanda mbegu asubuhi na kuja kutazama jioni kama imeota, na isipoota anaiacha. Miaka yote hiyo walikuwa shamba lake na hawakujua.

"Masikini," mama alisema kwa sauti ndogo. "Na sasa je? Spès?"

Spès alikuwa binti yake wa pekee. Mama yake alifariki Spès akiwa mdogo sana, na Papa Spès alimlea peke yake, akamsuka nywele vibaya mpaka wanawake wa uani wakamhurumia mtoto na kuchukua kazi hiyo. Sasa Spès alifanya kazi katika duka la dawa mjini, na harusi yake ilikuwa imekaribia. Kwetu, bibi harusi akiingia ukumbini huwa na wimbo wake wa kuingilia. Wasichana wanatangulia kwa hatua za polepole, naye anafuata. Mabinti wa Nyakabiga waliokuwa wameingia kwa wimbo wa Papa Spès walikuwa wengi, na mtaa mzima ulikuwa unauliza yeye atamwingiza wa kwake kwa wimbo gani.

Hakuwa nao. Hilo ndilo mama alilolielewa pale kwenye povu. Bibi harusi hatakiwi kuusikia wimbo wake kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo mzee alikuwa anasubiri Spès aende kazini, ndipo anatoka na mswaki. Kila asubuhi alipiga mluzi mpya. Kila jioni pazia lilitokeza, likarudi, na ndani tukasikia kiti kikiburutwa. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyemrudishia chochote.

"Kesho tutamurudishia," alisema Mama Yassin.

Walikubaliana kwa moyo safi kabisa. Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye bomba mapema, wametega masikio. Papa Spès akasukutua, akajifuta, akapiga mluzi hadi mlangoni. Ulikuwa wimbo mzuri, mpole, wenye kupanda kidogo kama mtu anayechungulia dirishani. Alipofunga mlango wakausahihisha kwa kunong'ona, wakafundishana, mpaka wote wakaupata. Kisha wakaanza. Mama akauvumisha kwenye beseni. Mama Yassin akauvumisha dukani akipima mchele. Mpangaji wa nyumba ya tatu, ambaye kwa kawaida hakuvumisha kitu, akauvumisha akifuta viatu vumbi. Watoto wakaambiwa wauimbe wakirudi kutoka shule. Ua wetu haukuwahi kuwa na umoja kama siku ile. Hata mimi, nyuma ya pipa, niliusema moyoni.

Jioni, kabla Spès hajarudi kutoka kazini, pazia lilitokeza. Likakaa muda mrefu. Halafu mlango ukafunguliwa na Papa Spès akatoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa ile.

"Nani aliwaambia?" akauliza.

Mama alitazama povu lake. Mimi nilitazama sufuria.

"Munaniimbia kama chorale ya siku kuu. Hakuna hata mumoja mwenye amekosa." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia. "Wimbo ukiingia mu mutu, hautokake vile uliingia. Mufuaji anauvuta, mwenye kufagia anaukata. Kila mutu anauvunja kidogo, juu sasa ni wake. Mi nasikilizaka pale mahali pa kuvunjika. Leo imetoka muzima, kwa wote. Iko muzima kama shati yenye haijavaliwa."

"Papa Spès," mama akaanza, "tulitaka tu..."

"Najua, Mama Aline. Mulinihurumia. Murakoze, asante. Lakini Spès hawezi kuingilia mu huruma."

Akarudi ndani. Hakuburuta kiti.

Baada ya siku ile ua ulinyamaza. Wanawake waliogopa. Kila mmoja aliona kwamba akivumisha chochote atamdanganya mzee tena, kwa hiyo walifua wakiwa wamebana midomo kama watu wanaobeba sindano katikati ya meno. Mama alikuwa akianza, anajishika, anajikohoza. Nguo zilichukua muda mrefu kukauka, au mimi niliona hivyo. Papa Spès naye aliacha kupiga mluzi uani. Siku moja alikwenda mpaka Kajaga, ufukweni mwa ziwa, akawapigia mluzi wavuvi waliokuwa wakianika dagaa, akangoja hadi jioni, wakamuuliza kama amepotelewa na mbwa. Alitusimulia hayo yeye mwenyewe na akacheka, lakini macho yake hayakucheka pamoja naye. Wiki ya harusi ikafika. Spès akachukua likizo, akawa nyumbani wakati wote, na baba yake hakuweza hata kugusa kinanda.

Siku moja kabla ya harusi, Spès alipelekwa na marafiki zake kusukwa nywele. Ua ulijaa watu. Wanaume walikuwa wanasimamisha hema kwa ajili ya wageni wa kutoka bara, na Papa Spès alikuwa miongoni mwao ameshika kamba, akiwa kama mgeni katika sherehe yake. Wanawake walikuwa wanatayarisha chakula. Mama na Mama Yassin walipewa kinu cha sombe, yale majani ya muhogo. Yeyote aliyewahi kutwanga sombe anajua kwamba kazi ile haikuachii nafasi ya kuogopa kitu kingine. Michi miwili inapokezana ndani ya kinu kimoja, na ukichelewa kidogo utagonga mkono wa mwenzako. Majani yananuka kijani kibichi, mgongo unachemka, jasho linaingia machoni.

Wakatwanga. Wakatwanga mpaka wakasahau. Nami niliyekuwa nachambua majani miguuni pao nikasikia kitu kikitoka puani mwa mama.

Mwanzoni sikuujua. Ulikuwa mzito, unashuka na mchi. Kisha nikautambua: ulikuwa ule wimbo wa huruma, ule waliouimba wote siku ile, ila sasa umelegea. Pale ulipokuwa unapanda kama mtu anayechungulia dirishani, mama alikuwa anainua mchi na kuvuta pumzi, kwa hiyo noti moja ilimezwa. Wimbo ulining'inia hewani kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi, halafu ukaanguka pamoja na mchi, *pu*, mahali pengine kabisa. Mama Yassin alikuwa anaujibu kutoka upande wake, naye alikuwa amekosea kwa namna yake, akipita chini pale mama alipopita juu.

Kamba ya hema ililegea. Wanaume wakapiga kelele, "We mzee, shika!" Papa Spès alikuwa ameiachia.

Mama akashituka, akaziba mdomo kwa kiganja chenye majani. "Yoo! Nisamehe, Papa Spès. Imeniponyoka. Na tena nimekosa."

"Umekosa," alisema akija mbio, na sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa hivyo. "Ndiyo, umekosa. Kosa tena."

"Siwezi kukosa kwa makusudi!"

"Basi twanga. Twanga tu. Munisahau. Mi siko hapa."

Wakatwanga. Ilichukua muda kabla hawajamsahau, kwa sababu alikuwa amechuchumaa karibu na kinu na vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti. Lakini kinu ni kinu. Wimbo ukarudi, ukameza noti yake, ukaning'inia, ukaanguka. Papa Spès akainuka, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tulisikia kinanda.

Jioni ile akaja kijana wa orkesta, mpiga kinanda mwenye suti ya kijivu, kujifunza wimbo. Nilikuwa mahali pangu nyuma ya pipa na niliwasikia.

"Papa, hapa katikati kuna kitu kimepungua. Nitakiweka, itanyooka."

"Usiweke."

"Lakini batasema nimekosa mi."

"Acha waseme. Pale ndipo wimbo unapumuaka."

Kijana akasema sawa. Nilisikia kwa sauti yake kwamba haikuwa sawa.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Kinanira, juu kilimani, una madirisha makubwa. Tulikaa karibu na ukuta, mimi nikiwa na gauni lililonikwaruza shingo, mama amejifunga kitambaa chake kizuri, Mama Yassin amevaa mtandio wenye nyuzi za dhahabu. Bwana harusi alikuwa anangoja mbele. Milango ikafunguliwa. Wasichana walisimama wawili wawili, na nyuma yao Spès katika nguo nyeupe, amemshika baba yake mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Papa Spès ndani ya ukumbi, si nje karibu na geti.

Orkesta ikaanza. Ulikuwa wimbo wetu, mpole na mzuri, na ulipofika katikati kijana wa suti akaiweka ile noti. Hakukuwa na pumzi wala kuanguka. Ulipita wima, msafi, kama shati ambalo halijavaliwa.

Wasichana wakapiga hatua ya kwanza. Papa Spès hakusogea.

Spès akamvuta kidogo mkono. Akamtazama. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimeinama upande mmoja, kama alivyokuwa akiinama nyuma ya pazia. Wasichana walifika mbali wakageuka kuona bibi harusi hayupo nyuma yao. Watu wakaanza kunong'ona. Orkesta ikarudia mwanzo, na katikati kijana akaiweka tena noti yake.

Ndipo mama yangu akaanza. Hakusimama. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, na mikono ile ikainuka na kushuka, kidogo tu, kama inashika kitu, na kitu kikatoka puani mwake. Mama Yassin akaingia chini yake. Kisha yule mpangaji wa viatu, kisha wanawake wengine wa Nyakabiga waliokuwa wametwanga, kuosha na kuchambua uani siku iliyotangulia na kurudi makwao na wimbo ule bila kujua. Hawakufanana. Huyu alivuta, yule alikata. Lakini walipofika katikati wote waliinua mchi usiokuwepo, wakavuta pumzi, na ukumbi mzima ukaning'inia. Noti ya kinanda ikabaki peke yake juu, ikaona aibu.

Mpiga ngoma ndiye aliyeelewa kwanza. Akaacha mkono wake hewani pamoja nao, akaushusha pamoja nao, *pu*. Kijana wa suti akatazama huku na huku, akaondoa kidole.

Mimi sikuimba. Nilikuwa namtazama mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefumbwa na jasho limemtoka puani kama yuko kwenye kinu. Nilipogeuka kutazama mlango, wimbo ulikuwa unapanda tena. Ukafika pale, ukameza, ukaning'inia. Na ulipoanguka, Papa Spès akainua mguu.